Tangi, kiti na umeme: kuchagua pikipiki ya maili 1,000 kwa siku

SaddleSore 1000 ndiyo safari ya kuingilia ya Iron Butt Association, chama cha Marekani cha waendeshaji wa masafa marefu: maili 1,000 ndani ya saa 24. Kwa nchi zinazopima kwa kilomita ipo SaddleSore 1600K. Maili 1,000 ni kilomita 1,610. Zigawe kwa 24 upate 67 kwa saa, spidi ambayo hata pikipiki ya cc 125 inaifikia. Kwa hiyo anayeanza kwa kuuliza injini ya pikipiki ina nguvu za farasi ngapi ameanzia mwisho wa orodha.

Saa haisimami ukiwa sheli. Ukipumzika mara nane, dakika 25 kila mara, zimekwenda saa 3 na dakika 20, na wastani unaotakiwa barabarani unapanda hadi 78. Dakika 25 zikivuta hadi 45, umepoteza saa sita na sasa unadaiwa 89. Kuifidia tofauti hiyo kwa kukaza mkono ni hatari, ni faini, na petroli inaisha mapema, kwa hiyo unasimama tena. Kila sifa ya pikipiki ninaipima kwa swali hilohilo: itanipunguzia au itaniongezea dakika za kusimama?

Tuanze na tangi, maana ndipo watu wanapodanganywa na namba. Usichukue ujazo ulioandikwa kwenye kijitabu ukaugawa moja kwa moja. Chukua asilimia 85 yake, kwa sababu hakuna mwenye akili anayesukuma hadi tone la mwisho saa nane za usiku, kisha ugawe kwa ulaji halisi wa barabara kuu. Yamaha FJR1300 ina tangi la lita 25. Kwa lita 5.5 kwa kilomita 100 inakupa takriban kilomita 385 kwa hatua, yaani kutoka kujaza hadi kujaza. Honda Gold Wing ya kuanzia 2018 ilipunguziwa tangi hadi lita 21, na kwa ulaji uleule inakupa kama 325. Kwa kilomita 1,610 zote mbili zinadai hatua tano, yaani kujaza mara nne njiani. Karatasini ziko sawa. Barabarani Gold Wing haina nafasi ya kukosea: hatua tano za 325 ni 1,625, na kituo kimoja kilichofungwa kinakuongezea hatua ya sita. FJR ina akiba ya zaidi ya kilomita 300, unachagua vituo unavyotaka. BMW R1250GS Adventure yenye lita 30 inakwenda hatua nne tu. Honda ST1300 yenye lita 29 nayo iko kundi hilo. Africa Twin ya kawaida, lita 18.8, inakubana, ile ya Adventure Sports yenye lita 24.8 ndiyo ya kazi hii.

Ulaji nao unabadilika. Upepo wa mbele, masanduku ya pembeni na spidi ya 125 badala ya 105 vinaweza kuipandisha 5.5 hadi 6.5, na FJR ileile ikashuka hadi kilomita 327. Pima ulaji wako kwa kujaza, kwenda kilomita 300 kwa mwendo wa safari, kisha kujaza tena hadi alama ileile. Geji ya mafuta usiiamini sana. BMW za R1200 za miaka ya 2005 hadi 2012 zinajulikana kwa kipande cha kupimia mafuta ndani ya tangi kinachokufa. Geji inagandia palepale au inakuonyesha umebakiwa na nusu huku unamalizia. Tumia kihesabu cha safari, ukirudishe sifuri kila unapojaza.

Je, uongeze tangi la ziada? Kwa SaddleSore, sioni sababu. Mwili wenyewe utaomba kushuka baada ya kilomita 300 hadi 400, kwa ajili ya maji ukitaka, au kwa ajili ya choo. Hesabu inabadilika kwenye Bun Burner Gold, maili 1,500 kwa saa 24: hapo wastani unaanzia 100 kabla hujasimama hata mara moja, na ukisimama saa mbili tu umefika 110. Kwa ulaji wa 6.5, lita 25 zinakupeleka kwa hatua nane; lita 43.5 kwa hatua tano. Namba hiyo ya 43.5 si ya kubuni: kanuni za Iron Butt Rally, mashindano ya siku 11, zinaweka kikomo cha galoni 11.5 za Marekani kwa pikipiki, tangi la kiwandani na la ziada pamoja.

Ukifunga tangi la ziada, liwe juu ya usawa wa tangi kuu ili mafuta yashuke kwa uzito wake, liwe na njia yake ya kupumua, mpira wa mafuta halisi (si wa maji), valvu ya kufunga unayoifikia ukiwa umekaa, na waya wa kuliunganisha na fremu ili umeme tuli usiruke cheche wakati wa kujaza. Kosa la kawaida ni kufungua valvu tangi kuu likiwa bado limejaa. Petroli haina pa kwenda, inatokea kwenye tundu la hewa la kifuniko na kumwagikia injini ya moto. Subiri tangi kuu lishuke hadi nusu. Na pima uzito: pikipiki nyingi za safari zinaruhusiwa mzigo wa karibu kilo 200 ukijihesabu na wewe. Mtu wa kilo 90 na mavazi yake, masanduku yaliyojaa kilo 35, lita 17 za petroli ambazo ni kilo 12 na nusu, fremu ya kulibeba hilo tangi, na abiria ndiyo basi tena.

Kiti ndicho kinachowatoa wengi njiani, na kiti laini cha dukani ndicho kibaya zaidi. Sponji laini inapendeza dakika 20 za kwanza. Baada ya saa tatu imelala chini, na mifupa miwili ya makalio inabeba kila kitu juu ya plastiki. Unachotafuta ni kiti kipana upande wa nyuma, chembamba pale mapaja yanaposhukia, kigumu kuliko unavyotarajia, na kisichoteremka kuelekea tangi. Kikiteremka, utakuwa unajisukuma nyuma kwa mikono siku nzima na ganzi itaanzia viganjani. Viti vya kushonewa, kama Day-Long vya Russell huko California, vimeenea sana kwa watu wa fani hii kwa sababu vina mabawa mawili yanayobeba mapaja. Bei yake si ndogo, lakini ukiwa na pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, acha ekzosi, nunua kiti.

Mkao wa magoti unafuata. Goti likikunjwa zaidi ya pembe mraba, litauma ndani ya saa mbili. Vikanyagio vinavyoshushwa sentimita mbili na nusu vinatosha kwa wengi, ila pikipiki ya chini itaanza kukwaruza kwenye kona. Usukani ukiinuliwa sentimita mbili au tatu, zungusha kushoto hadi mwisho, halafu kulia hadi mwisho, injini ikiwaka. Mizunguko ya injini ikipanda yenyewe, kebo ya mafuta imevutika. Mpira wa breki ukikaza kama kamba ya gitaa, shusha usukani au weka mpira mrefu zaidi.

Kioo cha mbele kinachopanda na kushuka kwa umeme, kama cha FJR, ST1300 na BMW za RT, kinahesabika kama sehemu ya injini kwangu. Kinachochosha ni upepo uliovurugika unaopiga kofia kushoto na kulia. Kwenye majaribio, nenda 110, kisha inua kiganja polepole juu ya kioo mpaka ukutane na upepo msafi. Ukiukuta juu kidogo ya kofia, sawa. Ukiukuta kati ya kidevu na macho, kichwa kiko katikati ya vurugu. Wakati mwingine kioo kifupi zaidi ndicho dawa. Vizibo vya masikio vaa kwa vyovyote. Kelele ndani ya kofia kwa spidi hiyo inatosha kuharibu masikio, na uchovu unaoletwa na kelele hauutambui mpaka siku utakapoviweka.

Kuhusu injini sina mengi. Silinda nne, mbili za ubavuni, sita, zote zinafika. Angalia mizunguko kwa kilomita 110 kwa saa: ikiwa kati ya 3,000 na 4,000 kwa dakika, injini haihangaiki na mtetemo hauli vidole. Kifaa cha kushikilia spidi kina faida kuliko farasi 30 za ziada. FJR ilikipata mwaka 2013, na ndiyo maana ya mwaka huo na kuendelea inatafutwa. ST1300 haikuwahi kukipata.

Shafti au cheni? Shafti. Cheni ya kawaida inataka mafuta kila kilomita 500 hadi 1,000, na kwenye mvua mapema zaidi, kwa hiyo safari moja ya siku inakudai kushuka na kopo mara moja hadi tatu. Ukipenda pikipiki ya cheni, funga kidondoshi cha mafuta kama Scottoiler na ukague ulegevu kabla ya kuondoka kwa kufuata kijitabu. Cheni iliyokazwa sana hula beringi za sproketi ya mbele. Shafti nayo haiachwi tu: gia ya nyuma ina mafuta yake, takriban mililita 200 tu. Yakitoka na vumbi la chuma kidogo kwenye sumaku ya boliti, ni kawaida. Yakitoka na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, usiondoke.

Umeme hautazamwi na wanunuzi wengi, na usiku ndio unaokwamisha safari. Altaneta haikupi wati zake zote: injini yenyewe, pampu ya mafuta, kompyuta na taa kubwa zinakula 250 hadi 300. Kinachobaki ndicho chako. Kizibao cha kupasha joto ni wati 75 hadi 90, mipini ya joto kama 35, taa za ziada za LED 40 au zaidi, simu na ramani 15. Ni karibu 180. Ukiona hesabu imekaba, jaribu kwa mita: washa kila kitu, weka injini kwenye mizunguko 3,000, pima kwenye nguzo za betri. Ikisoma volti 13.8 hadi 14.4, uko salama. Ikishuka chini ya 13, betri inalipa deni, na baada ya saa kadhaa pikipiki haitawaka sheli.

Waya za ziada zisitolewe kwenye waya wa taa ya mbele. Toa waya mnene kutoka betri, fyuzi kuu ndani ya sentimita 15 za nguzo, upite kwenye rilei inayoamshwa na swichi ya ufunguo, kisha kwenye kisanduku cha fyuzi ndogondogo. Hapo ukisahau kizibao kimewaka, kinazimika na ufunguo. Kwenye FJR za kizazi cha pili kagua viunganishi vya ardhi (waya hasi) vilivyofichwa ndani ya mkanda wa waya: vikishika kutu vinapata moto, vinayeyuka, na dalili zake zinarukaruka kiasi cha kumfanya fundi abadilishe betri nzima bure.

Tairi: nyuma ya pikipiki nzito ikiwa imebakiza chini ya nusu ya uzi, badilisha kabla. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Kwa BMW ya RT ni PSI 36 mbele na 42 nyuma. Upepo mdogo kwa mzigo mkubwa na lami ya moto ndio unaopasua. Chagua rimu ya tyubulesi. Pancha yake unaiziba kwa kamba ya mpira na pampu ndogo ya volti 12 kwa robo saa bila kuvua gurudumu. Ya tyubu inakudai gurudumu chini na karibu saa nzima.

Kwa wanaoendesha Tanzania na Kenya mizani inainama upande mwingine. Dar hadi Mbeya ni takriban kilomita 830, lakini kuna vijiji vya 50 kwa saa, matuta, malori, na kilomita 50 ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako wanyama wanavuka. Wastani wa 78 ukiufuata kisheria hapo ni ndoto, na usiku sishauri kabisa. Pikipiki ndefu ya lami hugonga tumbo kwenye matuta. GS Adventure au Africa Twin Adventure Sports zina mwendo wa shokapu wa kutosha. Vioski vya pancha viko kila mji, ila havina tairi ya 180/55 inchi 17, na hata ya GS utaiagiza Dar au Nairobi. Agiza mapema, na weka ya nyuma ya akiba nyumbani.

Kwa barabara kuu za lami, mwenye bajeti ya kati ningemwelekeza FJR1300 ya 2013 au baada yake, iliyotumika, yenye rekodi ya kupima tapeti karibu kila kilomita 42,000. Mwenye uwezo, R1250RT. Kabla ya kulipa, omba uiendeshe walau saa mbili bila kushuka, wala si kuzunguka gereji. Muuzaji akikataa, muulize kama atakubali uache kiti chake ulete cha kwako. Jibu lake litakuambia pia kama ana haraka ya kuiondoa.