Je, wajua kwa nini maiki ya saksafoni haiwekwi domoni?

Jumamosi mchana pale Moshi, ukisimama karibu na mzunguko wa YMCA, hukosi kukutana na msafara wa harusi. Mbele pikapu, nyuma yake gari la maharusi, na juu ya pikapu vijana wa matarumbeta wamegeukia nyuma wakiwapigia maharusi. Siku nyingine tega sikio. Pikapu inapokuja upande wako, tarumbeta zinasikika nzito, kama zimefunikwa blanketi. Ikishakupita tu, sauti inafunguka na kuchoma masikio. Wapigaji hawajaongeza pumzi. Ni wewe uliyejikuta mbele ya domo, yaani ile sehemu ya mwisho iliyopanuka kama ua.

Sauti nzito huwa na mawimbi marefu, na sauti nyembamba mafupi. Mitetemo 200 kwa sekunde huleta wimbi la karibu mita 1.7, mitetemo 10,000 wimbi lake halizidi sentimita 4. Domo la tarumbeta lina upana wa sentimita 12 hivi. Wimbi refu likitokea kwenye tundu dogo namna hiyo hutapakaa kila upande, mpaka nyuma ya mpigaji. Wimbi fupi hunyooka kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo ule ukali wa tarumbeta uko mbele tu, na anayerekodi anaweza kuuongeza au kuupunguza bila kugusa kitufe chochote: aweke maiki sentimita 40 au 60 kutoka domoni, kisha aisogeze pembeni kidogo kidogo mpaka masikio yaache kulalamika. Kwenye tarumbeta sauti yote hutokea mlango mmoja. Ni baragumu la shaba, basi.

Nami nikadhani saksafoni ni hivyo hivyo. Nilipoanza kurekodi, studio yetu ilikuwa chumba cha kupanga kule Majengo: bati juu, magodoro mawili yameegemezwa ukutani, na trei za mayai ambazo kila mtu aliapa zinazuia sauti. (Hazizuii. Godoro moja linashinda trei mia.) Akaja mzee mmoja na saksafoni yake ya alto. Nikamwamkia, nikamkalisha, nikatumbukiza maiki ndani ya domo, nikabonyeza kitufe cha kurekodi.

Tulipoirudia kuisikiliza, nilitamani kujificha. Noti za chini kabisa zilivuma kama ngoma. Akipanda juu, sauti inakonda na kukwaruza, kama redio yenye betri zilizochoka. Katikati ya noti, tak, tak, tak, vifuniko vya matundu vikijifunga na kufunguka. Mzee akacheka. “Kijana wangu, umenirekodi kama tarumbeta. Hii ni filimbi.”

Alikuwa sahihi kuliko nilivyoelewa siku ile. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyesajili saksafoni mjini Paris mwaka 1846, aliitengeneza kwa shaba, lakini mdomoni aliweka ulimi wa mwanzi. Ukitaka ndugu yake wa karibu huku kwetu, mtafute kwenye zumari: ulimi unatetemeka, na noti hubadilika kwa kufungua na kufunga matundu ya ubavuni. Tundu likifunguliwa, sehemu kubwa ya sauti hutokea hapo hapo na kwenye matundu yanayofuata. Domo hupata zamu yake kamili pale tu matundu yote yamefungwa, yaani kwenye noti ya chini kabisa. Kwenye noti nyingine linachopata ni ule ukali wa juu, kwa sababu mawimbi mafupi sana huyaruka matundu na kuendelea mpaka mwisho wa bomba. Ndiyo maana nilipata mvumo na mkwaruzo, nyama yote ikabaki nje.

Unaweza kuthibitisha bila mashine. Mwombe mpigaji apige noti ya chini kabisa, kisha ile isiyobonyezwa kitufe chochote. Ziba sikio moja, inama, upitishe sikio la pili taratibu kando ya chombo, umbali wa mkono mmoja. Utaisikia sauti ikihama kutoka domoni kwenda juu, karibu na shingo. Maiki inatakiwa kusikia safari hiyo yote, kwa hiyo inarudi nyuma, sentimita 30 hadi 50, imeelekezwa katikati ya mwili wa chombo, juu kidogo ya ukingo wa domo. Ukikaribia zaidi, maiki nyingi zinazosikia upande mmoja tu huongeza besi ambayo mpigaji hakuipiga.

Aina ya maiki naiweka ya pili, ingawa ndiyo watu huanza nayo. Ile ya kawaida ya koili, kama Shure SM57 iliyotoka mwaka 1965, huvumilia kelele za tarumbeta bila kutetereka. Maiki ya kondensa husikia zaidi, na huomba umeme wa volti 48. Kama ina swichi ya kupunguza nguvu ya sauti kwa desibeli 10 au 20, iwashe kabla tarumbeta haijaanza. Ya utepe naipenda kuliko zote kwa vyombo vya shaba, kwa sababu hulainisha ukali, lakini utepe wake wa alumini ni mwembamba mno na pumzi ya karibu inaweza kuuharibu. Halafu husikia mbele na nyuma, kwa hiyo angalia nani kakaa mgongoni kwake.

Tromboni, ile yenye mrija wa kuvuta, ifuate kama tarumbeta, ila stendi ya maiki isikae njia ya mrija unaponyooka, itagongwa. Tuba, lile baragumu kubwa la besi, domo lake hutazama juu, maiki itoke juu pia, na kwenye chumba cha bati hapo unanasa tuba na bati kwa pamoja. Tulining'iniza blanketi darini.

Yule mzee alirudi wiki iliyofuata. Maiki ikakaa nusu mita mbele ya vidole vyake, akapiga wimbo mzima bila kusimama. Tukaupoteza dakika ya mwisho: masika, mvua juu ya bati.