Vocha Kwanza, Mawe ya Moto Baadaye

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha kwa waraibu hapa Vancouver, wenzangu huniuliza mara kwa mara iwapo tambiko linaweza kuwa tiba. Swali hilo huja likiwa limepinda, kwa sababu anayeuliza huchukulia sala, ngoma na moshi wa majani kuwa viungo vya kunyunyizia juu ya mchuzi uliokwisha kuiva. Mimi hujibu kwa kisa cha Alkali Lake, kijiji cha Waesk'etemc, ambao ni sehemu ya taifa la wenyeji asilia la Secwepemc katika jimbo hili la British Columbia, Kanada.

Mwaka 1972, wakati karibu kila mtu mzima kijijini alikuwa mlevi, binti mdogo wa Phyllis Chelsea, mkazi wa hapo, alikataa kurudi nyumbani kwa kuwa wazazi wake walikuwa wakinywa. Phyllis akaacha pombe, mumewe Andy naye akafuata. Andy alipopata uchifu, walianza na fedha: posho za serikali za walevi ziligeuzwa vocha za chakula na nguo, kwa makubaliano na maduka ya mji wa Williams Lake, na wauza pombe ya magendo wakanaswa kwa noti zilizotiwa alama. Aliyekubali kwenda kutibiwa alitafutiwa watu wa kuwatunza watoto wake. (Aliyewahi kumwona mtu akipigwa na arosto ugenini, huku akiwaza nani anawalisha wanawe, anajua uzito wa jambo hilo.)

Pombe ilipoondoka, kidonda kilibaki wazi. Kwa vizazi kadhaa watoto wa jamii hiyo walikuwa wamepelekwa katika shule ya bweni ya St. Joseph's Mission, ambako lugha yao ilikatazwa na wengi walinyanyaswa. Hapo ndipo kibanda cha mvuke, tambiko la jadi la kutoa jasho na kusali, kilipopata kazi yake. Nimewahi kualikwa katika kibanda cha aina hiyo: fito zilizopindwa na kufunikwa mablanketi, giza totoro, mawe mekundu yakiingizwa moja baada ya jingine, na maji yakimwagwa juu yake hadi mvuke ukabana kifua, huku kila mmoja akisema kwa zamu bila kukatizwa. Yaliyosemwa si yangu kuyasimulia.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980, jamii hiyo ilihesabu kwamba asilimia 95 ya watu wake walikuwa wameacha kunywa.

Mwaka 2015, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo za bweni, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua, na wa 22 unataka mfumo wa afya utambue tiba za wenyeji asilia na kuzitumia kwa kushirikiana na waganga na wazee wao, pale mgonjwa anapoomba. Maneno hayo ya mwisho husahauliwa upesi na wataalamu wenye shauku. Baadhi ya ninaowahudumia walilelewa kanisani na kibanda kinawatia hofu. Hao siwasukumi, tunaendelea na mazungumzo yetu mezani, na siku wakiuliza habari za mzee, namwita.