Je, wajua kwa nini mboga hunyauka ilhali mizizi yake imo majini?

Anayetengeneza kachumbari huvifikicha vitunguu kwa chumvi kwanza. Baada ya dakika chache vitunguu vimelegea na chini ya bakuli pana maji. Hakuna aliyeyatia maji hayo: chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Kwenye haidroponiki, yaani kilimo cha bila udongo, mizizi hupatwa na jambo linalokaribiana na hilo pale maji ya mbolea yanapokuwa makali mno.

Mzizi hunywa kwa sababu ndani yake kuna chumvi na sukari nyingi kuliko nje, na maji huelekea kule kuliko na ukolevu mkubwa. Ukali wa nje ukipanda, mvuto huo unapungua. Jua la saa saba mchana linayakausha majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyanywesha, na saladi inalala ubavu juu ya tangi lililojaa. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea wakidhani mmea una njaa. Hapo ndipo wanapoumaliza.

Ukali hupimwa kwa kipimo cha EC, ambacho hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Maji yasiyo na chumvi karibu hayapitishi kabisa. Kadiri mbolea inavyoongezeka ndivyo namba inavyopanda. Kizio chake ni millisimensi kwa sentimita (mS/cm). Saladi hustawi kati ya 1.0 na 1.8, stroberi 1.0 hadi 1.4, nyanya zinazozaa 2.0 hadi 3.5. Miche midogo ianzishiwe kama 0.6 hadi 0.8. Ni afadhali kusoma EC kuliko ppm (sehemu za mbolea kwa kila sehemu milioni za maji), kwa kuwa vipimo vya ppm havitumii hesabu moja: EC ya 1.6 kwenye kimoja husomeka 800, kwenye kingine 1,120. Watu wawili wanaweza kushauriana kwa nia njema na mmoja akaunguza mboga zake.

Sasa, ukali hupandaje bila mtu kuongeza chochote? Siku za joto mmea hunywa maji mengi na kuacha sehemu kubwa ya mbolea nyuma. Chukua tangi la lita 100 lenye EC 1.6. Mimea ikinywa lita 20 na kuigusa mbolea kidogo tu, zile 80 zilizobaki zitakaribia 2.0. Ukijazia lita 20 za maji ya mbolea ya 1.6, tangi zima litasoma 1.92, na keshokutwa litapanda zaidi. Ukijazia maji matupu yenye EC 0.2, unarudi 1.64. Kwa hiyo joto likizidi, tangi lijazwe maji matupu, si mbolea.

EC ikiwa imeshapanda, hesabu ya kuishusha ni hii: toa EC unayoitaka kutoka EC iliyopo, zidisha kwa lita zilizomo, kisha gawanya kwa tofauti kati ya EC unayoitaka na EC ya maji unayoongeza. Lita 80 zenye 2.4 ukitaka zishuke hadi 1.6 kwa maji ya 0.2, utahitaji karibu lita 46. Tangi lisipotosha, mwaga kwanza sehemu ya maji yaliyomo.

Pima kila asubuhi, saa ileile, baada ya pampu kuzungusha maji. Maji yamepungua na EC imepanda: ni kali mno. EC imeshuka: mmea unakula kuliko unavyolishwa, na majani ya chini yataanza kuwa ya njano. Maji yamepungua na EC imetulia: umepatia.

Usisahau maji yenyewe. Visima vingi vya mwambao, Dar es Salaam na Mombasa zikiwamo, vina chumvichumvi ya bahari. Maji yanayosoma 1.0 kabla hujatia kitu yanakuachia nafasi ya 0.6 tu kufikia 1.6, na kipimo hakikwambii kuwa ile 1.0 ni chumvi isiyolisha mboga. Isitoshe, mmea huinyonya kidogo mno, basi inazidi kujilimbikiza. Changanya na maji ya mvua, ambayo husoma karibu na sifuri, na ubadilishe tangi zima kila wiki mbili.

Wakati wa kuchanganya, mbolea A yenye kalisi na B yenye salfeti na fosfeti zisikutane zikiwa nzito. Tia A kwenye tangi lililojaa maji, koroga, ndipo utie B. Ukiona mashapo meupe kama chokaa chini ya ndoo, kalisi imegandamana na salfeti au fosfeti, na mizizi haitaipata. Kipimo nacho kirekebishwe kila mwezi kwa maji maalumu ya 1.413.

Kabla ya kuulaumu ukali, inua mmea mmoja utazame mizizi. Myeupe na imara, huku kingo za majani zikiwa zimeungua, huashiria mbolea kali. Ya kahawia, inayoteleza na kunuka, imekosa hewa au imeoza: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, kwa hiyo funika tangi lisipigwe na jua na uongeze pampu ya hewa. Kingo za majani machanga ya katikati zikikauka, usikimbilie kuongeza kalisi. Kalisi husafiri na maji, na pale maji yasipopanda nayo haifiki. Teremsha EC kwanza.

Maji ya mbolea yaliyochoka yamwagie migomba au miti ya bustani, kidogo kidogo mahali tofauti, wala usiyaelekeze mtoni.