Kaya si familia, wala si nyumba

Taarifa zinazoeleza wakazi wa viunga vya miji hazikosi sentensi ya namna hii: "Mtaa una familia 1,200, na theluthi yake ni za mtu mmoja." Mtu mmoja hawi familia. Kilichohesabiwa hapo ni kaya. Mwandishi amebadilisha neno akidhani anarahisisha lugha, kumbe amebadilisha hesabu.

Kaya ni mtu au watu wanaoishi pamoja na kushirikiana mahitaji ya maisha, hasa chakula. Kwa lugha ya mtaani, ni wanaokula chungu kimoja. Anayeishi peke yake na kujipikia ni kaya kamili. Undugu si sharti.

Neno lenyewe ni la Kibantu na lina umri mkubwa. Wasukuma wanalo kwa maana ya nyumbani. Wazulu, walio mbali kabisa kusini, husema ikhaya kwa maana hiyo hiyo. Kwa Wamijikenda, kaya ilikuwa kijiji kizima chenye ngome ndani ya msitu, na ndiyo maana hadi leo tunasikia Kaya Kinondo au Kaya Fungo, ambazo zimo katika misitu mitakatifu iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Ukubwa hutofautiana, kutoka boma moja hadi kijiji, lakini kiini ni kile kile: pale mtu anapokaa na wale anaokaa nao.

Familia limepita njia nyingine. Chimbuko lake ni Kilatini, na lina nasaba na famulus, yaani mtumishi. Kwa Warumi wa kale familia ilijumuisha hata watumwa waliokuwa chini ya mwenye nyumba, kwa hiyo zamani hizo lilikuwa karibu na kaya kuliko lilivyo sasa. Maana ya wazazi na watoto ilikuja kutawala baadaye, na Kiswahili kililipokea likiwa limeshafika huko. Tunalitumia kwa watu waliounganishwa na damu, ndoa au malezi, na maana yake i karibu na ya maneno aila, ukoo na jamaa. Familia moja yaweza kutawanyika katika miji mitatu ikabaki familia. Kaya haiwezi: ikitawanyika, zimekuwa kaya tatu.

Viungani ndiko kosa hili hugharimu zaidi, kwa sababu kiwanja kimoja hubeba watu wa aina nyingi. Chukua kiwanja chenye nyumba kubwa na vyumba vinne vya kupanga uani. Nyumba kubwa ina wazazi, watoto watatu na msaidizi wa kazi anayelala na kula humo: kaya moja ya watu 6, ingawa msaidizi si wa familia. Chumba cha kwanza kina kijana mmoja. Cha pili, mke, mume na mtoto. Cha tatu, marafiki wawili wanaopika pamoja. Cha nne, vijana wawili wanaogawana kodi tu, kila mmoja na jiko lake na chakula chake. Jumla ni watu 14. Ukigawa kwa viwanja unapata 14. Ukigawa kwa familia, ambazo ni 2, unapata 7. Kaya ni 6, kwa kuwa chumba cha nne kina kaya mbili, na wastani wa kweli ni watu 2.3 kwa kaya. Atakayepanga huduma kwa kutumia 7 atafikiria wazazi na watoto wengi, wakati kaya tatu kati ya hizo sita zina mtu mmoja mmoja.

Maji nayo yana mtego wake. Kiwanja hicho chaweza kuwa na mita moja ya kupimia maji, iliyofungwa kwenye nyumba kubwa, na wapangaji wakanunua maji kwa ndoo. Ukihesabu nyumba, huduma imefika kwa asilimia 100. Ukihesabu kaya, imefika kwa moja kati ya sita.

Kuna kosa la tatu, dogo kwa sura: bweni, kambi na wodi. Hayo ni makazi ya pamoja, na huhesabiwa kando na kaya za kawaida. Shule ya bweni yenye wanafunzi 400 ikiachwa ndani ya hesabu ya mtaa mdogo, wastani wa watu kwa kaya huvimba bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Kwa taifa zima athari hiyo humezwa na wingi wa watu: sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 na kaya 12,143,913, wastani wa 3.9. Mtaani haimezwi. Angalia pia kipimo cha ukaaji. Sensa ya kuhesabu waliolala hapo usiku mmoja itamwacha baba anayefanya kazi mji mwingine. Utafiti unaohesabu wakaaji wa kawaida, wa miezi 6 au 12, waweza kumwacha kwa sababu tofauti, au kumrudisha. Takwimu za vipimo viwili tofauti zisilinganishwe moja kwa moja.

Mkuu wa kaya naye husomwa vibaya. Si lazima awe mwanamume, wala mwenye kipato kikubwa, wala mwenye nyumba. Kwenye dodoso ni mtu ambaye wengine huandikwa kwa uhusiano wao naye: mwenzi, mtoto, mpwa, mpangaji mwenza. Kwa hiyo "kaya inayoongozwa na mwanamke" haimaanishi mjane wala aliyeachika mpaka safu ya hali ya ndoa iseme hivyo.

Basi, ndugu mwandishi, jedwali likisema kaya, andika kaya. Kama chanzo chako kilihesabu milango au mita, andika nyumba au mita, na usigawe watu kwa hizo ukaita wastani wa familia. Na kama unazitaka familia zenyewe, zitafute kwenye safu ya uhusiano na mkuu wa kaya. Humo zimo, ila ni zile tu ambazo watu wake wanaishi pamoja.