Sheikh Al-Amin Mazrui: Kalamu iliyowasema watu wake

Mombasa inamjua vyema Profesa Ali Mazrui, msomi wa siasa. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, hajulikani hivyo, na jambo hilo linatuuma sisi tunaotunza maandishi ya Pwani, kwa sababu ndiye aliyewaonyesha Waislamu wa mji huu kwamba mambo ya umma yaweza kujadiliwa gazetini kwa Kiswahili chao wenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1891 katika ukoo uliotawala Mombasa hadi 1837, Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alipoutwaa mji. Alisomeshwa na maulamaa wa nyumbani kwao, kisha akawa msomaji wa Al-Manar, jarida la mwanamageuzi wa Kiislamu Rashid Rida lililotoka Cairo. Mwaka wa 1930 akaanzisha gazeti la Sahifa. Aliandika kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kwa herufi za Kiarabu, kwani wengi wa aliowakusudia walikuwa wamepita chuoni, yaani madrasa ya Kurani, si skuli. Mwaka wa 1932 likafuata gazeti la Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili.

Zilikuwa siku ngumu. Kwa mkataba wa 1895, ukanda wa Pwani ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar kwa jina tu. Waingereza ndio waliokuwa wakiamua. Mashamba yaliwaponyoka wenyeji, na kazi za ofisini zikawaendea waliosoma skuli. Sheikh Al-Amin hakuridhika kumlaumu mkoloni peke yake. Aliwageukia watu wake: mbona mali inateketea kwenye harusi na matanga, na watoto hawasomeshwi? Mbona binti anaachwa bila elimu? Alitaka elimu za kisasa zisomwe pamoja na dini, na papo hapo akawakemea walioiga Wazungu kwa mavazi na ulevi. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wake. Kuisema serikali kwahitaji ujasiri, lakini kumsema jirani utakayekutana naye msikitini Ijumaa kwahitaji zaidi.

Wako waliomshangilia, na wako waliokasirika, hasa alipozikosoa mila walizozihesabu kuwa sehemu ya dini. Mwaka huohuo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na kuanzia 1937 hadi kufa kwake mwaka wa 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, yaani mtumishi wa serikali ileile iliyokalia nchi yake. Tusilifiche hilo. Msomaji wa leo ana haki ya kuuliza cheo kiliibana kalamu kiasi gani.

Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu, Uwongozi, na mwaka wa 2017 zikatolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Hassan Mwakimako, chini ya uhariri wa Kai Kresse. Lakini skuli zilipoenea na herufi za Kirumi kushika nafasi, wajukuu wengi wakarithi karatasi wasizoweza kuzisoma. Nyingine zimo masandukuni Mji wa Kale hadi leo, zikidhaniwa ni dua au hirizi.

Ukiwa nazo, usizitupe wala usizichome. Usizibandike kwa gundi au selotepu, wala usizifunike kwa plastiki ya moto. Zilaze bapa ndani ya bahasha safi, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na mchwa. Kisha mtafute mzee asomaye herufi hizo akueleze kilichoandikwa, au utuletee tuzipige picha, nawe urudi nazo nyumbani.