Nani abadilishe efekti za gitaa jukwaani: kompyuta au fundi?

Wapigaji gitaa wengi wanaonijia wanataka jibu la neno moja: wafunge kompyuta ibadilishe efekti (mabadiliko ya sauti ya gitaa, kama mwangwi) yenyewe, au wamlipe fundi akae pembeni ya jukwaa abonyeze? Mimi huwauliza kwanza: kwenye wimbo huo, nani ameshika muda? Kama bendi inapiga kwa kliki, yaani mdundo wa kuhesabia muda unaosikika masikioni mwao tu, na urefu wa kila ubeti na kiitikio unajulikana, kompyuta inafaa sana. Kama urefu wa wimbo unaamuliwa palepale mbele ya watu, itawaangusha.

Tuanze na kompyuta. Vifaa huamrishwa kwa midi, mfumo wa vyombo vya muziki kupeana amri uliopo tangu 1983. Programu inayocheza bekitreki (muziki uliorekodiwa wa kusindikiza bendi), kama Ableton Live, hutuma amri mahali ulipopachagua: fungua sauti namba 12, yaani mpangilio wa efekti uliohifadhiwa kwa namba hiyo. Amri hiyo ni baiti 2 tu, na kwenye waya wa kawaida wa midi hufika ndani ya milisekunde 1. Kwa hiyo gitaa likikatika wakati wa kubadilisha, usilaumu waya. Anayechelewa ni prosesa, kifaa kinachotengeneza efekti, inapopakia sauti mpya, na hapo ndipo mwangwi wa noti ya mwisho hukatwa ghafla. Dawa yake ni kutohama sauti katikati ya wimbo. Prosesa kama Helix na Axe-Fx zinakuruhusu kupanga hali 8 ndani ya sauti moja: ya ubeti, ya kiitikio, ya solo. Efekti zote zimeshapakiwa, zinawashwa na kuzimwa tu, na dilei, efekti inayorudia noti kama mwangwi, ukiipanga vizuri inamalizia mkia wake.

Halafu angalia namba. Midi huhesabu kuanzia 0 hadi 127, lakini vifaa vingine huonyesha 1 hadi 128 kwenye kioo. Ndiyo maana unaagiza 12 inafunguka 11 au 13. Na amri usiiweke juu ya pigo la kwanza lenyewe. Irudishe nyuma kidogo, mahali ambapo mkono wa mpigaji umepumzika. Kwa tempo ya 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, robo ya pigo ni milisekunde 125. Inatosha kabisa.

Faida kubwa zaidi ya kliki iko kwenye dilei. Sauti ile ya The Edge, mpiga gitaa wa bendi ya U2, inategemea sana dilei inayorudi baada ya robo tatu za pigo. Kwa tempo ya 120 hiyo ni milisekunde 375. Mpiga drum akipanda hadi 126, dilei sahihi inakuwa 357. Milisekunde 18 si kitu, utasema, lakini marudio ya tatu yameshatoka nje kwa 54, na hilo sikio linalisikia. Na pamoja na mitambo yote aliyonayo, The Edge amezunguka dunia kwa miongo na fundi wake, Dallas Schoo.

Sasa njoo kwenye muziki wa dansi, ambao ndio unaonigusa zaidi. Sebene halina urefu. Rapa anaita, wachezaji wanajibu, mtu anapanda jukwaani kumtunza mwimbaji, nyuma yake wanapanga foleni wengine watatu. Kiongozi anazungusha kidole, maana yake rudieni. Hakuna kompyuta inayojua foleni hiyo itaisha lini. Kukata sebene kwa sababu faili limefika mwisho ni kuwadhulumu waliolipa kiingilio.

Hapo anahitajika fundi, na si fundi yeyote. Awe amekaa mazoezini mpaka nyimbo zimemwingia. Awe na hedifoni inayompa gitaa la solo peke yake, na macho yake yawe kwenye vidole. Mkono wa kushoto wa msolo unapoanza kupanda kuelekea tumbo la gitaa, ujue anataka kutoka mbele. Fundi anaongeza sauti na dilei kabla hajaangaliwa. Tena asikae mbali: waya wa midi haufai kuzidi mita 15, zaidi ya hapo tafuta kifaa cha kuipa nguvu.

Fundi huyo asihangaike na pedali moja moja. Bonyezo moja litoe korasi (efekti ya kunenepesha sauti, si kiitikio), liingize dilei na kupandisha sauti kwa pamoja. Bob Bradshaw alijijengea jina Los Angeles kwa mitambo ya namna hii, na wazo lake halijazeeka. Wah, pedali ya kukanyaga inayolifanya gitaa lilie "wa-wa", ndiyo nisingemwachia mtu wala mashine, kwa sababu mguu pale unapiga gitaa kama mkono unavyopiga. Kirk Hammett, mpiga gitaa wa bendi ya Metallica, huwekewa pedali za wah sehemu kadhaa za jukwaa ili popote alipo awe na yake.

Jambo la mwisho ni umeme. Ukikatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri yake na kutuma amri, huku prosesa imezimika. Jenereta ikiwaka, prosesa inaweza kuamka na sauti ya wimbo uliopita. Iwekee UPS ndogo, betri ya akiba ya kuishikilia, na mpigaji abaki na swichi moja mguuni ya kurudisha sauti safi. Bendi ya dansi yenye pesa ya kitu kimoja imlipe fundi kwanza. Huyohuyo ndiye atakayeleta gitaa la pili uzi ukikatika.