Je, wajua kwa nini Mbeya ilikuwa na hoteli ya reli kabla ya kuona treni?

Ile Mbeya Hotel ya zamani, katikati ya jiji, iliwahi kuwa hoteli ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo liliundwa 1948, reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika. Reli ya TAZARA, ndiyo iliyoleta treni Mbeya, ilianza kujengwa 1970 na kukabidhiwa rasmi 1976. Piga hesabu mwenyewe. Hoteli ya reli, treni hakuna! Bandari nayo ndiyo usiulize, maana kutoka Mbeya hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara.

Sababu ni kwamba shirika la reli lilikuwa na magari pia. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma 1914, ilipita mbali kaskazini, na nyanda za juu kusini zikabaki kando pamoja na kahawa yake, chai yake na dhahabu ya Lupa kule Chunya. Reli ikaamua kuzifuata kwa malori na mabasi. Abiria alishuka treni Dodoma, akapanda gari la shirika kupitia Iringa hadi Mbeya. Au alishukia Itigi, akakata pori la Rungwa mpaka Chunya, kisha akavuka milima na kuteremkia Mbeya akiwa amejaa vumbi na anatetemeka kwa baridi. Lami ya barabara kuu ya kwenda Zambia ilikuja miaka ya mwanzo ya 1970. Kabla ya hapo, masika yakikolea, ratiba ilikuwa karatasi tu.

Abiria wa namna hiyo hafiki siku hiyo hiyo. Lazima alale mahali, na aliyemsafirisha ndiye anayejua atafika lini, tena akiwa na wenzake wangapi. Ndiyo maana shirika lilikuwa na hoteli pia Dodoma na Tabora, ila huko angalau treni ilikuwa inapita. Hata ndege zilifuata kanuni hiyo: Imperial Airways ilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, Mbeya ilikuwa kituo, na kwa kuwa siku hizo ndege zilisafiri mchana, giza likiingia abiria walihitaji kitanda ardhini.

Treni ilipofika hatimaye, haikuwa ya mwenye hoteli. TAZARA ni mali ya Tanzania na Zambia, na reli yake ina upana wa milimita 1,067 wakati Reli ya Kati ilikuwa na 1,000, kwa hiyo behewa la huku halikuweza kuingia kule. Kituo chenyewe kikajengwa nje ya mji, upande wa barabara ya Tunduma. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na shirika lake la reli likagawanywa.

Mtu wa Zanzibar au Bagamoyo anaweza kuuliza: familia zilikuwa wapi, hadi hoteli iwe ya shirika la reli? Pwani, familia yenye nyumba karibu na ufukwe hugeuza vyumba viwili vitatu kuwa hoteli, na mgeni akipenda bahari anakaa wiki nzima. Mgeni wa nyanda za juu anapita. Analala usiku mmoja, alfajiri kashaondoka, na mvua zikifunga barabara haji kabisa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tofauti: kitanda peke yake hakikumlisha mtu huku. Shirika lilikuwa na nauli, makanisa yalikuwa na misheni (hosteli ya Wamoravian Mbeya na nyumba za wageni za Walutheri kule Matema, Ziwa Nyasa, zina asili hiyo), na familia iliyotaka kupokea wageni ilihitaji kuwa na kitu kingine cha kuilisha. Mfano mzuri ni Kisolanza, kama kilomita 50 kutoka Iringa ukielekea Mbeya: shamba la familia moja tangu miaka ya 1930, linalolaza wasafiri wa barabara kuu huku likiendelea kuuza mboga na nyama yake.

Gesti za familia zilizojaa Mwanjelwa na Uyole, jijini Mbeya, leo zinaenda hivyo hivyo. Chini duka au baa, nyuma vyumba vimezunguka ua, na mwenyewe ana shamba la viazi au mpunga mahali. Mwezi wageni wakipungua, viazi vinalipa umeme.